Imegoma kwako au kwa wote? Kutafuta chanzo pale vifaa vya bure vya kufundishia vinapogoma

Kelele za "mtandao leo mbovu" zikianza ofisini, huwa nauliza swali moja kabla sijashika simu ya mtu: imegoma kwako peke yako au kwa wote? Swali hilo linaokoa nusu saa. Ikigoma kwa mtu mmoja, chanzo kiko kwenye simu yake, laini yake au akaunti yake. Ikigoma kwa darasa zima huku kwako inafunguka vizuri, tazama ruhusa uliyotoa, au hotspoti mnayoigombania. Ikigoma kwa wote na wewe ukiwemo, hapo ndipo unaweza kuanza kuulizia mnara.

Nafundisha Biolojia na Jiografia kwenye sekondari ya kata huku Chamwino, Dodoma, na kwa miaka kadhaa walimu wenzangu wamezoea kuniletea simu na laptopu zao zikigoma. Wengi ni watu wa kujituma. Wametumia bando lao, wamekaa hadi usiku wakitunga maswali, halafu asubuhi kitu kinagoma mbele ya wanafunzi 60. Mwalimu akikwama hivyo mara mbili harudi tena, anafunga laptopu na kurudi kwenye chaki. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichogoma kilihitaji dakika mbili tu kurekebishwa. Nimeyapanga haya kwa dalili, kama walimu wanavyoniambia wenyewe.

"Inawaambia waombe ruhusa"

Hii ndiyo inayoongoza kuliko zote. Umetunga jaribio kwenye Google Forms, umetuma linki kwenye grupu la wazazi, na badala ya majibu zinakuja barua pepe 30 za watu wanaoomba ruhusa ya kuingia.

Tazama mwisho wa linki uliyotuma. Kama una neno edit, umenakili anwani kutoka juu ya kivinjari ukiwa bado unatunga, na hiyo ni linki ya mtungaji. Ya wanafunzi ina neno viewform, au ni ile fupi inayoanza na forms.gle, na unaipata ndani ya fomu yenyewe, kwenye sehemu ya kutuma au kunakili linki ya wajibuji. Nakuomba usiyakubali yale maombi kwa kudhani unasaidia. Ukimkubalia mzazi kwa njia hiyo umemkabidhi kalamu: anaweza kubadilisha maswali na kusoma majibu ya watoto wa wenzake.

Linki ikiwa sahihi na bado inakataa, angalia kama umechapisha fomu. Fomu zinazotengenezwa siku hizi zina hatua ya kuchapisha, na isipochapishwa haipokei jibu la mtu yeyote.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio. Yako mambo matatu yanayomlazimisha anayejibu awe ameingia kwenye akaunti ya Google: kuweka kikomo cha jibu moja kwa kila mtu, kudai barua pepe iliyothibitishwa, na kuweka swali la kupakia faili. Kwako mwalimu haya yanaonekana madogo. Kwa mtoto wa Buigiri anayejibu kwa simu ya mama yake, ni ukuta. Akaunti iliyomo kwenye simu ile ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, na nenosiri hakuna anayelijua. Ondoa yote matatu. Weka swali la kwanza la jina, la pili la namba ya mtahiniwa, na picha za kazi za daftari zije kwa WhatsApp. Kuna watakaojibu mara mbili, kweli, lakini utawaona kwa majina na kufuta jibu moja.

Kinachotupoteza hapa ni kwamba kwa mwenye fomu kila kitu hufunguka. Mwenye nyumba hagundui kwamba kitasa ni kibovu, kwa sababu funguo anazo mfukoni. Kwa hiyo kabla ya kutuma, fungua linki kwenye dirisha la faragha la kivinjari, lile lisilokumbuka akaunti yako. Afadhali zaidi uazime simu ya mlinzi au ya mama wa jikoni, ijaribu pale. Ikifunguka na huko, huenda itafunguka kwa wengi.

Na kama linki unaiandika ubaoni, ujue kwamba kwenye linki fupi herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na kwamba herufi l na namba 1 kwa mwandiko wa chaki hazitofautishiki. Chapisha QR ya linki hiyo, ule mchoro unaosomwa na kamera ya simu, kwenye karatasi, ibandike ukutani. Fomu nyingi zilizonyamaza zilinyamaza kwa sababu ya mwandiko.

"Kwangu inafunguka, kwao inazunguka tu"

Hesabu vifaa kabla ya kitu kingine chochote. Hotspoti ya simu ya kawaida hukubali vifaa 8 hadi 10 hivi kwa wakati mmoja, na wa 11 haambiwi kwamba nafasi imejaa. Yeye anaona tu "inaunganisha", "inaunganisha", na anaamini simu yake ni mbovu. Mchezo wa maswali kama Kahoot hauhitaji kila mtoto awe na kifaa: wagawe kwenye vikundi visivyozidi nafasi za hotspoti, kikundi kimoja simu moja, na humo humo kuna hali ya timu. Akaunti ya bure nayo ina kikomo cha wachezaji, kwa hiyo vikundi vinakusaidia pande zote mbili. Kama dalili ni kwamba simu za wanafunzi zinaonyesha rangi na maumbo bila swali, hakuna kilichoharibika. Kahoot kwa asili huweka swali kwenye skrini ya mwalimu. Kama huna projekta, tafuta kwenye mipangilio ya mchezo pale panaporuhusu maswali na majibu kuonekana kwenye vifaa vya wachezaji.

Vifaa ni vichache lakini bado inazunguka? Tazama bando linakwenda wapi. Siku moja nilijiunga na GB 2 saa 1 asubuhi kwa ajili ya kipindi cha saa 3. Niliunganisha laptopu ya shule, nikaenda kunywa chai, na niliporudi zimebaki MB 40. Laptopu ilikuwa haijaona intaneti tangu likizo, ikaamua kupakua masasisho yote ya Windows iliyokuwa ikidaiwa. Kompyuta ikiona Wai-Fai hudhani ni ya bure na haina mwisho, haijui kwamba nyuma yake kuna simu yenye bando la kupimwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, fungua sifa za hotspoti yako, washa chaguo linalosema muunganisho huu unapimwa. Fanya mara moja tu kwa kila hotspoti, itakumbuka.

Simu za wanafunzi na za walimu wenzako zina tabia hiyo hiyo. Zikiona Wai-Fai, Play Store inaanza kusasisha programu na Google Photos inaanza kupandisha picha za harusi ya wiki iliyopita. Waambie wazime mambo hayo kabla hujawapa nenosiri la hotspoti, na baada ya kipindi libadilishe.

"Kompyuta ya maabara inakataa kila tovuti, inasema si salama"

Ukiniletea hii, sitagusa kivinjari. Nitatazama kona ya chini kulia ya skrini, palipo na saa.

Kwenye maabara yetu ndogo tuna kompyuta za mezani za zamani, za msaada. Umeme ulikatika usiku, asubuhi mwalimu mwenzangu wa Hisabati akakuta mashine nne zimekataa kufungua chochote, kila ukurasa onyo jekundu. Alikuwa ameshaanza kusema ni virusi na anataka zipigwe Windows upya. Nilimwonyesha ile kona: 1 Januari 2009. Kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2009 inakitazama cheti kilichotolewa juzi na kuona bado hakijazaliwa, inakikataa. Tulirekebisha tarehe na saa, tovuti zote zikafunguka.

Kesho yake, umeme ulipokatika tena, tarehe ikarudi 2009. Hapo ujue betri ya ubao mama imekufa. Ni kibetri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032, na huhitaji fundi wa kompyuta kukipata: mafundi saa wanazo, mimi zangu nilinunua kwa fundi saa pale Majengo mjini. Kuibadilisha ni hivi. Chomoa waya wa umeme kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki ndani iishe. Fungua ubavu wa boksi, utaiona inang'aa kwenye ubao, imeshikwa na kibanio kidogo pembeni. Sukuma kibanio kwa ncha ya bisibisi ndogo, betri itaruka yenyewe. Ishike isidondokee ndani. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Rudisha umeme, panga tarehe, na mashine itakumbuka hata umeme ukatike mara tatu kwa siku. Tukiwa tumefungua tulizipuliza vumbi pia, maana vumbi letu la mwezi wa tisa linaingia popote.

Tarehe ikiwa sahihi na bado tovuti zinagoma au zinakuja vipande vipande, angalia umri wa mfumo. Chrome iliacha kusasishwa kwenye Windows 7 mwaka 2023, ikaishia toleo la 109. Kwenye mashine za namna hiyo mimi hupendelea Firefox toleo la muda mrefu la 115, na zile zilizochoka kabisa nazitumia bila intaneti, kama nitakavyoeleza mbele.

"Alama zimetoka za ajabu"

Hapa naomba utulie, kwa sababu hii ndiyo dalili inayomwumiza mtoto bila kupiga kelele. Linki ikigoma utajua. Alama zikikosewa, hakuna atakayekuambia mpaka mzazi aje.

Aina ya kwanza: mtoto amejibu sahihi, fomu imempa sifuri. Maswali ya jibu fupi husahihishwa kwa kulinganisha maandishi. Wewe kwenye ufunguo umeandika 12, yeye ameandika "kilomita 12". Wewe "klorofili", mwingine "chlorophyll" kama alivyofundishwa darasani kwa Kiingereza, mwingine ameweka nukta mwishoni. Ongeza kwenye ufunguo majibu yote unayoyakubali, na usiweke alama ya vema pale panaposema majibu mengine yote ni makosa. Kisha pitia mwenyewe yaliyobaki. Kwa maswali ya namba, andika kwenye swali lenyewe: jibu kwa namba tu, bila kizio.

Aina ya pili: alama zimegeuka tarehe. Mwalimu anaingiza matokeo kwenye Google Sheets, anaandika 7/10, akirudi anakuta siku na mwezi. Jedwali halijui kwamba hiyo ni saba kati ya kumi. Limeona namba mbili na mkwaju katikati, likasoma tarehe. Ubaya wake ni kwamba 7/10 na 5/10 hugeuka tarehe lakini 25/30 hubaki kama ilivyo, kwa hiyo nusu ya darasa inaonekana sawa na wewe unaridhika. Kwenye safu andika 7 tu, kichwa cha safu kiseme "kati ya 10". Namba za simu za wazazi zinazopoteza sifuri ya mwanzo zina dawa ya jirani: chagua safu nzima kabla hujaandika, ibadilishe iwe ya maandishi matupu. Na kama tarehe zako za kweli zinasomwa mwezi kwanza siku baadaye, jedwali limewekwa kwa utaratibu wa Marekani. Kwenye mipangilio ya faili chagua nchi inayoanza na siku, Uingereza inafaa.

Aina ya tatu niliigundua kwa kumkalia mwanafunzi begani. Jaribio lilikuwa la Kiswahili, ngeli za nomino, umoja na wingi. Watoto wawili walipata alama mbovu ambazo mwalimu wao hakuziamini. Nilimwomba mmoja afungue tena mbele yangu, na kwenye skrini yake swali halikuwa la Kiswahili. Kivinjari kilikuwa kimetafsiri ukurasa mzima kwenda Kiingereza bila yeye kuomba, "ukuta" na "kuta" zimegeuka maneno ya Kiingereza, na swali la ngeli limekufa pale pale. Simu ile ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza, na mtu aliwahi kukubali Chrome itafsiri Kiswahili daima. Mwambie mtoto aguse alama ya tafsiri, arudishe lugha ya asili, na achague Kiswahili kisitafsiriwe tena. Mimi sasa kila jaribio naliwekea mstari wa kwanza: "Ukiona maswali haya kwa Kiingereza, acha kujibu, mwambie mwalimu."

"Kipindi kilikuwa saa 2, hakuna aliyetokea"

Umepanga somo kwenye Google Meet au kazi kwenye Google Classroom, na wanafunzi wanaambiwa wamechelewa kabla hata hawajaamka. Uliandika 2:00 ukiwa na saa 2 asubuhi kichwani. Kalenda haisomi saa kwa Kiswahili. Kwake hiyo ni saa 8 usiku. Saa 2 asubuhi iandikwe 08:00, saa 10 jioni 16:00. Kama umeandika hivyo na bado inateleza kwa saa 10 au 11 nzima, akaunti au laptopu iko kwenye majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, jambo la kawaida kwa mashine za mtumba. Chagua majira ya Afrika Mashariki, chagua Nairobi kama Dar es Salaam haipo kwenye orodha.

Mkutano unaokatika katikati ya maelezo ni jambo jingine: Zoom ya bure inaishia dakika 40, Google Meet ya bure dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea. Panga somo liishe kabla.

"Wanafunzi wangu hawana simu kabisa"

Huu ndio ukweli wa shule nyingi, na kuna kifaa cha bure ambacho nadhani kilistahili kujulikana zaidi huku kwetu. Kinaitwa Plickers. Simu ni moja, ya mwalimu. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa miraba, na kila upande wa mchoro una herufi A, B, C au D. Unauliza swali, wanageuza kadi ili herufi ya jibu iwe juu, unapitisha kamera ya simu darasani kama mtu anayepiga picha ya ukumbi, na majibu yanaingia mtoto kwa mtoto.

Kamera ikikataa kusoma kadi fulani, tazama vidole. Watoto hushika kadi kwa kuikumbatia na kidole gumba kinaziba mraba mmoja, basi kadi nzima haisomeki. Wafundishe kushika kwenye ukingo mweupe. Kadi zikiwa zimepigwa plastiki ya kung'aa, jua la saa 5 linalopita kwenye madirisha yetu yasiyo na pazia litarudi kwenye kamera kama kioo. Tumia karatasi ya kawaida, ibandike kwenye boksi la maziwa au katoni ngumu kwa gundi. Ukisimama ukitazama dirisha, kadi zitaonekana giza tupu. Hamia upande wa dirisha, ulipe mgongo. Wa nyuma wasiposomeka, wasogelee.

Dalili ya kushangaza zaidi ni mtoto asiyekuwepo shuleni kupata alama. Kadi zina namba, na namba ndiyo jina: mtu amechukua kadi ya mwenzake. Gawa kwa kuita majina, kila siku kadi ile ile. Seti ya kawaida ina kadi 40 na iliyopanuliwa 63. Kwa darasa la 75 hazitoshi, kwa hiyo mimi huwapa kadi moja wawili wanaokaa dawati moja, wakubaliane kwanza ndipo wanyanyue. Ule ubishi wao wa kunong'onezana kabla ya kunyanyua kadi ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote za kipindi.

"Tunatumia bila intaneti, lakini simu zinakataa"

Kolibri ya Learning Equality, programu ya kusomea bila intaneti, unaiweka kwenye kompyuta moja pamoja na masomo uliyoyapakua mjini, unawasha rauta isiyo na intaneti yoyote, na wanafunzi wanasoma kupitia rauta hiyo bila kutumia hata MB moja. Inapogoma, mara nyingi simu ndiyo imejihamisha. Ikiona Wai-Fai haina intaneti inarudi kwenye data ya laini, na huko hakuna Kolibri. Zima data, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao huu usio na intaneti, jibu ndiyo.

Kama simu imebaki kwenye Wai-Fai na bado hakuna kitu, angalia anwani. Iandikwe na http, bila ile s, ikiishia na 8080, na iandikwe kwenye mstari wa anwani, maana wengi huiandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google. Anwani iliyofanya kazi jana na leo imegoma ina maana umeme ulikatika na rauta imeipa kompyuta namba mpya. Isome upya kwenye Kolibri yenyewe, kisha mwombe anayejua rauta aifungie kompyuta hiyo namba moja ya kudumu. Kompyuta yenyewe ikifungua Kolibri lakini simu zote zinakataa, ukuta wa ulinzi wa Windows umeuona mtandao wenu kama wa hadharani. Ubadilishe mtandao huo uwe wa faragha.

Wanaochukua maktaba kubwa kwa Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia na mengineyo bila intaneti, hukutana na hili: flashi ina nafasi ya GB 32, faili ni GB 6, kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Nafasi ipo, ila flashi imepangwa kwa mtindo wa FAT32 usiopokea faili moja inayozidi GB 4. Hamisha vilivyomo, ipange upya kwa exFAT.

Walimu wa Fizikia na Kemia: majaribio ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanapakuliwa moja moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, na mengine yana tafsiri ya Kiswahili. Ukurasa ukikuomba Flash (programu ya zamani ya kivinjari, si flashi ya kuhifadhia), umeangukia toleo la kale. Flash ilikoma mwishoni mwa 2020, usihangaike kuitafuta. Tafuta jaribio hilo hilo kwenye orodha ya HTML5.

"Nimefungiwa nje ya akaunti"

Meseji ya uthibitisho inakwenda kwenye laini uliyoipoteza mwaka juzi. Leo hii, ukiwa bado uko ndani, badilisha namba, kisha fungua sehemu ya usalama uchapishe zile namba 10 za akiba za kuingilia bila laini, uziweke na vyeti vyako. Ukiambiwa namba ya simu imetumika mara nyingi mno, ni kwa sababu umefungulia wanafunzi akaunti kwa laini yako, kikomo kipo. Ninavyoona mimi, usiwafungulie akaunti. Karibu kila kitu nilichotaja hapa kinafanyika bila mtoto kuwa nayo.

Barua hazifiki na faili hazipandi? GB 15 za bure ni za barua, Drive na picha kwa pamoja, na kilichozijaza ni video za simu yako. Akaunti isiyoguswa miaka 2 nayo inaweza kufutwa, ingia humo hata wakati wa likizo. Na mwalimu mwenye majaribio yote ya idara anapohamishiwa Kondoa, majaribio yanakwenda naye. Mwongezeni mtu wa pili mwenye haki ya kuhariri kabla barua ya uhamisho haijaja.

"Maswali yametungwa vizuri, majibu si yetu"

Walimu wengi sasa wanatungiwa maswali na ChatGPT au Gemini, programu za akili bandia. Dalili: mada isiyokuwemo kwenye mtaala ulioanza Januari 2024, au jibu sahihi limewekwa kwenye herufi isiyo yake. Chanzo ni kuomba "maswali ya Biolojia kidato cha kwanza" bila kuipa programu kitu chochote cha kusoma. Fungua kitabu cha kiada kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, chukua aya unayoifundisha, iandike humo, uombe maswali kutoka kwenye aya hiyo tu. Kisha yajibu yote mwenyewe kwa kalamu kabla ya mtoto. Usiandike humo jina la mwanafunzi hata mmoja.

Majina ya watoto yatunze kila mahali. Ukishiriki jedwali la matokeo kwa kila mwenye linki, umeliweka sokoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Kila mzazi apate ya mwanawe.

"Imegoma, na zimebaki dakika kumi"

Soma maswali kwa sauti, waandike majibu kwenye daftari. Kabla simu hazijazimwa, andika mahali: saa, darasa, zimegoma ngapi kati ya ngapi, za mtandao upi, na maneno ya onyo neno kwa neno, au yapige picha. "Haifunguki" hainisaidii kitu. Wiki iliyopita mwenzangu aliniletea karatasi imeandikwa: kidato cha 3B, saa 4 na dakika 20, simu 7 kati ya 9, laini mchanganyiko, "ukurasa haupatikani", mbili zilizofunguka ni zile zisizo na laini ndani. Sikuhitaji hata kwenda darasani. Zile 7 zilikuwa zimeikimbia Wai-Fai ya Kolibri na kurudi kwenye data zao, na zile 2 hazikuwa na data ya kurudia.